Uwanja Mpya wa Mama wa Nyama

Hua walikuwa kumi na mmoja. Sajini Zéphirin Kalonda aliwahesabu mara mbili, amechuchumaa, mgongo kwenye nguzo ya uzio, kofia yake ya polisi ameitundika juu ya goti. Ndege hao walikuwa wanadonoa pumba za mahindi ndani ya hori refu la mbao, wakigombana, wakirukiana, wazima kabisa. Katika hori hilo ndimo walimokula pofu watatu, wale swala wakubwa kama ng'ombe, na punda milia wanne jioni ya Jumanne. Jumatano kulipopambazuka wote saba walikutwa wamelala chini, miguu imekakamaa, inzi wameshafika.

Sasa ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, na hua walikuwa wanakula tangu saa moja.

Zéphirin akatoa daftari na penseli. "Hua kumi na mmoja," aliandika. "Saa mbili nzima. Hakuna aliyeanguka."

Alisimama, akanyoosha magoti, akautazama uwanja. Hata siku kama ile ulikuwa kitu cha kutazamwa. Kwa miaka ishirini na miwili Madame Victorine Claes alikuwa anafuga wanyama wa porini nyuma ya nyumba yake, kwenye barabara ya Luano, nje kidogo ya Élisabethville. Alianza na mtoto wa paa ambaye marehemu mumewe, mpimaji wa njia ya reli, alimleta nyumbani ndani ya kofia. Akaja korongo aliyevunjika bawa, akaja nguchiro, akaja simba jike mwenye jicho moja. Mtu yeyote wa mjini aliyeokota kiumbe kinachokufa alijua pa kukipeleka. Wazungu walimwita Madame Claes. Watu wa Cité Albert, mtaa wa Weusi, walimwita Mama wa Nyama, maana kwa Kiswahili cha Katanga nyama ni yule anayetembea porini kabla hajawa yule wa sufuriani. Katika Kiswahili hicho hicho, mtu akisema paka anamaanisha tu, na akisema njo anamaanisha ndiyo.

Mwaka huu wa 1953 alikuwa ameongeza eneo lake mara mbili. Alichimba bwawa, akasimamisha nguzo mia nne za mubanga, mti ambao mchwa wanaukimbia, na Jumapili hii ya Oktoba angefungua mlango kwa watu wote. Hayo maneno mawili, watu wote, ndiyo yaliyoufanya mji uzungumze. Ofisi moja ilimshauri atenge siku ya Wazungu na siku ya Weusi. Alijibu kwa barua ya mstari mmoja: ana mlango mmoja, na kila wiki ina Jumapili moja.

Na sasa mizoga saba, na mtunza wanyama wake mkuu, Kasonde, yuko ndani.

Kamishna alimkamata Jumatano saa nne asubuhi. Ufunguo wa ghala la chakula ulikuwa mfukoni mwa Kasonde peke yake. Ndani ya ghala kulikuwa na kopo la sumu ya panya lililobaki nusu. Tena, Jumatatu, mbele ya vibarua sita, Kasonde alimpandishia Madame sauti akisema kwamba wanyama wakihamishiwa uwanja mpya watakufa. Kamishna hakuhitaji zaidi. "Ijumaa saa sita mchana faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka," alimwambia Zéphirin kwa Kifaransa. "Nitafutie tu sumu ilichanganywa saa ngapi." Hakusema nitafutie nani aliichanganya.

Zéphirin aliingia ghalani. Kopo lilikuwa pale, juu ya rafu. Hakuligusa. Alivua koti, akaanza kuhamisha magunia ya pumba, moja baada ya jingine, mpaka akafika ukutani. Nyuma ya gunia la mwisho kulikuwa na panya watano, wakavu kama maganda ya ndizi. Sumu iliyopungua ilikuwa imefanya kazi iliyonunuliwa kuifanya.

Alipotoka, jasho likimtiririka, alimkuta Floribert amesimama kando ya hori. Floribert alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo. Daktari mwenyewe, Mzungu, alikuwa Jadotville mpaka Jumatatu, kwa hiyo Floribert ndiye aliyewapasua wanyama wote saba kwa mikono yake.

"Sergent, banasema uko naangaria ndege tangu asubui."

"Niko naangaria bashahidi. Ulikuta nini?"

"Moyo. Moyo ilisimama paka gafula." Floribert alipiga kiganja kimoja juu ya kingine. "Matumbo iko muzuri. Haina damu, haina kidonda. Kama ingekuwa dawa ya panya, tungekuta ndani imechomeka yote, na banyama bangehara siku mbili, tatu, mbele ya kufa. Hapana. Bale balikula, balilala, balikufa."

"Balikula nini?"

"Pumba. Na majani."

"Majani gani?"

"Ya kijani. Balitafuna sana, imekuwa sawa sombe. Nimeweka kidogo mu chupa."

Zéphirin aliandika neno hilo la kisamvu, sombe. Kisha akalipigia mstari chini, bila kujua bado kwa nini.

*

Madame Victorine alimpokea barazani. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mwembamba, viatu vya ngozi mpaka magotini, mikono yote imejaa makovu madogo meupe ya meno na kucha. Alimvutia kiti, yeye mwenyewe akakaa kwenye ngazi. Akamwambia vous, ile 'ninyi' ya heshima ya Kifaransa. Katika miaka kumi na minne ya upolisi, Mzungu kumwambia Zéphirin vous badala ya tu kulikuwa kumetokea mara mbili.

"Nani aliingia uwanja mpya siku ya Jumanne, Madame?"

"Kasonde. Asubuhi, tulipowahamisha wanyama, na jioni alipowapa pumba. Wengine wote walikuwa mlangoni wanajenga lile tao la maua la Jumapili. Mimi mwenyewe baada ya asubuhi sikutia mguu mle."

"Una hakika?"

"Sisemi kitu nisichokuwa na hakika nacho. Ndiyo maana Kasonde amefungwa." Alisugua kovu moja kwa kidole gumba. "Kamishna aliniuliza kama tuligombana. Nikasema ndiyo. Akaniuliza alisema nini. Nikamwambia. Sikujua angeyageuza vile."

"Kwa nini alisema watakufa?"

"Alitaka tungoje mvua. Alisema ardhi ya kule imelimwa na kukauka, haijaota kitu. Mimi nikasema pumba zinatosha. Watu watakuja kuona wanyama, nikamwambia, hawaji kuona uzio. Nilikuwa na haraka, sajini. Miaka ishirini na miwili nimengoja siku hii."

"Unadhani ni yeye?"

Alimgeukia, macho makavu.

"Yule simba jike alipopata nimonia, Kasonde alilala siku tisa ndani ya kizimba chake. Siku tisa, anamnywesha maziwa na dawa kwa chupa. Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa. Usiniulize swali hilo tena."

Hakumwuliza tena. Lakini mmoja wa vibarua, aliyekuwa anafagia njia, alimfuata Zéphirin mpaka kwenye baiskeli yake akampa jina: Chola. Mkulima. Uwanja mpya ulikuwa shamba lake la mihogo kabla ya uzio. Mwezi wa tano alisimama pale barabarani akamtukana Madame mbele za watu. Na Jumanne jioni alionekana kwenye uzio na gunia.

Jina hilo lingemfurahisha Kamishna. Zéphirin alipanda baiskeli.

*

Alimkuta Chola anapalilia kando ya kijito, mwendo wa robo saa kutoka kwenye uzio. Alikuwa mtu wa makamo, mabega mapana, kaptura imefungwa kwa kamba ya katani.

"Jambo, baba Chola."

"Jambo, sergent. Nilijua mutakuya."

"Juu ya nini ulijua?"

"Nyama ikikufa, na miye nilitukana, polisi ataenda kwa nani?" Aliegemea jembe. "Uliza."

"Jumanne ulikuwa pa uzio na gunia. Mulikuwa nini mu ile gunia?"

"Mavi."

Zéphirin alimtazama. Chola akacheka, akapiga hatua tatu, akafukua tuta la viazi kwa jembe. Samadi nyeusi, yenye nyuzi za majani makavu, ilikuwa imechanganywa na udongo mpaka chini.

"Mavi ya punda mulia. Kasonde ananipatiaka. Angaria hii bilazi, namna inakomea. Kule kwangu kwa zamani haikukomea vile hata siku moja."

"Lakini ulikasirika juu ya shamba."

"Nilikasirika, njo. Balinifukuza kwa karatasi. Alafu yule mama akakuya kwangu, kwa miguu, peke yake. Akasema karatasi haiko na mudomo, njo maana nimekuya miye. Akanipa hapa pa mayi." Chola aliangalia kijito, kisha akaangalia upande wa uzio, uliokuwa haujionyeshi kutoka pale. "Sergent, baba yangu alikuwa muwindaji. Alinielezeaka nsefu, njo pofu, ile bafaranse banaita élan, nyama mukubwa sawa ngombe mbili, na anaruka sawa mbuzi. Miye maisha yangu yote nilimuona paka amekauka, kipande kwa kipande, mu kitunga. Siku ile ya kwanza Kasonde ananiita pa uzio, nikamuona anatembea. Unajua anatembea namna gani? Magoti yake inalia. Ka, ka, ka. Inzuri ile! Kila siku kisha kazi nilienda, hata kama haina mavi. Nilienda kusikia paka ile."

Alichomeka jembe ardhini kwa nguvu.

"Miye njo nitamuua?"

Zéphirin aligeuza ukurasa wa daftari.

"Jumanne ulitoka pale saa ngapi?"

"Kazi ilikuwa imekwisha. Batu bote balienda. Alibakia paka Mama mwenyewe, pa mulango, anaokota-okota buchafu ya bale batu ba maua. Yule mama hajuake kukaa."

Zéphirin aliandika hayo pia, kwa sababu baba yake, fundi wa reli kule Kabalo, alimfundisha kwamba chuma kinachoachwa njiani ndicho kinachoangusha behewa. Kisha akageuza baiskeli kuelekea mjini.

*

Kasonde alikuwa amekaa sakafuni katika chumba cha mahabusu cha kituo, miguu mitupu. Viatu na mkanda wamemnyang'anya. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ndogo, na alipoinua uso Zéphirin aliona kwamba hakulala.

"Kasonde, niko na maulizo tatu. Ya kwanza. Pumba ya Jumanne jioni ulitosha wapi?"

"Mu gunia moja. Nilichanganya na mayi mu pipa, nikajaza ndoo kumi. Munane nilipeleka kule kupya. Mbili nilipeleka kule kwa zamani, kwa punda mulia ya mukongwe, ile inachechemea, na kwa kuro. Bale hatukubahamisha."

"Pipa moja?"

"Pipa moja, mukono moja."

"Ya pili. Bale babili, tangu Jumanne umebaona?"

"Nitabaona wapi, sergent? Niko hapa." Sauti yake ilipungua zaidi. "Banaishi?"

"Banaishi. Nimepita kule leo. Punda mulia alitaka kuniuma."

Kasonde aliufunika uso kwa mikono yake mikubwa. Mabega yalitikisika, mara moja, mara mbili. Zéphirin aligeukia dirisha akaisoma karatasi iliyobandikwa ukutani, ingawa aliijua kwa moyo.

"Ya tatu," alisema baadaye. "Majani ulibapa ya wapi?"

"Majani?"

"Majani mabichi. Iko mu matumbo yao."

Kasonde aliondoa mikono usoni. Alikuwa amesahau kulia.

"Majani gani, sergent? Tuko mwezi wa kumi. Angaria inje! Kule kupya haina hata jani moja. Njo maneno nilimuambia Mama. Nilimuambia tungoje mvua, kule batakufa. Na njaa ya majani, nilitaka kusema. Nyama ya vile ukimuweka pasipo kijani, siku akiona kijani hachague. Atakula yote, hata ile anajua iko mubaya."

Zéphirin alikuwa tayari amesimama.

Hakuenda mbio. Aliendesha baiskeli polepole kutoka kituoni mpaka barabara ya Luano, na njia nzima alitafuta kitu kimoja tu, rangi ya kijani. Nyasi za kando ya barabara zilikuwa zimeungua. Mijakaranda ya mjini ilikuwa zambarau tupu, maua bila majani. Vichaka vya porini vilikuwa na rangi ya kutu. Kijani kilikuwa mahali pamoja, kwenye nyua za nyumba za Wazungu, mahali watumishi wanaposhika mpira wa maji kila jioni. Huko kulikuwa na bogenvilia. Na, nyumba baada ya nyumba, vichaka virefu vyenye maua ya rangi ya waridi na majani membamba.

Alipofika kwenye mlango mkubwa wa Mama wa Nyama alishuka, akainua kichwa. Tao la Jumapili lilikuwa juu yake, limeanza kunyauka: maua ya rangi ya waridi na majani membamba, yamefungwa kwa waya laini.

Alifuata uzio wa uwanja mpya kutoka mlangoni, kwa nje, hatua kwa hatua, macho chini. Hatua ya tano ilimtosha. Ndani ya uzio, kwenye kona nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo jana hakuna aliyepaangalia kwa sababu kila mtu alikuwa anatazama mizoga kule katikati, vijiti vilikuwa vimetawanyika. Aliingia, akatandika leso yake, akaviokota. Kumi na sita, unene wa kidole. Havikuwa na jani hata moja, na maganda yalikuwa yameguguniwa. Kimoja kilikuwa bado na waya laini umezungushwa mara tatu. Chini yake kulikuwa na ua moja la rangi ya waridi, limekanyagwa na kwato.

Akakata tawi moja la tao, akalifunga pamoja na vile vijiti, akampelekea Floribert.

Floribert alimwaga chupa yake kwenye sahani, akatenganisha sombe kwa kibano, akaweka kipande kimoja chini ya kioo cha kukuzia. Kando yake akaweka jani la tao. Jani refu, gumu, mstari mweupe katikati, na mistari midogo imetoka pembeni imenyooka kama meno ya kitana. Alitazama muda mrefu.

"Laurier-rose," alisema, akiitaja oleanda kwa Kifaransa. "Ni yenyewe. Ah, sergent! Kwa shule ya kilimo ba Père ba misioni balitufundisha: ngombe muzima, kiganja moja ya majani, moyo inasimama. Ikiwa mubichi iko muchungu, nyama anatema. Lakini ukiikata, ikilala kwa jua nusu ya siku, uchungu inapunguka. Sumu haipunguke."

"Andika ile yote. Kwa Kifaransa. Na utie saini."

*

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro, vibarua wanaosha mikono kwenda kwao. Zéphirin alimwomba Madame waende pamoja mpaka mlangoni. Njiani kutoka kwa Floribert alikuwa ametengeneza sentensi, akaibomoa, akaitengeneza upya. Sajini mweusi hamwambii Mzungu jambo kama lile. Hakuna kitabu cha polisi kilichoeleza linavyosemwa.

"Madame, asubuhi niliuliza swali baya. Niliuliza nani aliingia uwanjani. Nilipaswa kuuliza nani alirusha kitu juu ya uzio."

"Hakuna mtu aliye—"

Alikomea hapo. Macho yake yalipanda kwenye tao, yakakaa huko, yakashuka kwenye tangi la maji.

"Vibarua walikuwa wamekwenda," alisema polepole. "Rundo la matawi lilibaki pale, tangu asubuhi, limekaa juani. Nikaona aibu kuyatupa. Nikasema, maskini, hawajaona kitu cha kijani tangu mwezi wa sita. Walikuja mbio, sajini. Wote. Yule pofu mkubwa alichukua tawi mkononi mwangu, taratibu, kama mtu anayepokea kitu kanisani."

Zéphirin alifungua leso akamwonyesha vijiti. Ile sentensi yake hakuihitaji tena. Madame Victorine alikaa chini, palepale kwenye vumbi, viatu vyake virefu mbele yake.

Kisha aliuliza, "Kasonde yuko ndani tangu lini?"

"Tangu jana saa nne asubuhi."

"Saa thelathini na moja." Alikuwa ameshajiinua. "Tunakwenda sasa."

"Kamishna ameshafunga ofisi, Madame. Na bila saini yake mlinzi hafungui. Kesho anafika saa mbili."

Kesho yake Zéphirin alifika kituoni saa moja na nusu ili ayapange makaratasi yake. Mama wa Nyama alikuwa tayari amekaa kwenye ngazi za nje, kati ya wanawake waliowaletea wafungwa wao uji, na nafasi yake katika mstari ilikuwa ya nne.

*

Kamishna alisoma ripoti ya Zéphirin yote, kisha ya Floribert, kisha akavua miwani.

"Ajali," alisema. "Ajali ya kusikitisha sana. Mtunza wanyama ataachiliwa leo hii kwa kukosekana ushahidi. Chanzo cha vifo tutaandika hakijulikani. Hakuna haja ya jina lako kuonekana, Madame."

"Chanzo kinajulikana. Sajini amekieleza kwa kurasa tatu."

"Madame, fikiria watu utakaowakaribisha. Fikiria magazeti."

"Kwa kukosekana ushahidi," alirudia, akiyaonja maneno. "Maana yake huenda alifanya, ila hamkuweza kumshika. Atatembea na maneno hayo ndani ya kitabu chake cha kazi mpaka azeeke. Andika kwamba hakufanya. Halafu andika nani alifanya. Claes, kwa herufi C."

Kamishna alimtazama Zéphirin, kama vile sajini angeweza kumfunga mdomo mwanamke wa Kizungu.

Zéphirin alimsogezea wino.

Kasonde alipotolewa alikuwa ameshika viatu mkononi. Koridoni kulikuwa na polisi sita, karani, na wale wanawake wa uji. Madame hakumwita pembeni. Alizungumza Kiswahili, kwa sauti ya kawaida.

"Kasonde, ni mukono yangu njo iliua. Majani ya mulango, niliwapa miye. Uliniambia tungoje, sikusikia. Nakuomba musamaha."

Kasonde aliinama, akavaa kiatu cha kulia, akafunga kamba, akavaa cha kushoto. Karani alikohoa. Kasonde alifunga ya pili pia, taratibu, akainuka.

"Mama, matawi ingine iko wapi?"

"Iko paka pa mulango."

"Twende tuitoe. Kuro anaweza kupita kule."

Wakatoka pamoja, Kasonde mbele.

*

Mlango haukufunguliwa Jumapili ile. Ulifunguliwa wiki tatu baadaye, mvua imeshanyesha mara nne na barabara ya Luano imekuwa tope jekundu. Mlangoni hapakuwa na tao. Palikuwa na mstari mmoja, na ndani ya mstari huo kofia za maua za Wazungu zilichanganyika na vitambaa vya kichwa vya Cité Albert, watu wakikanyagana viatu na kuombana radhi kwa lugha tatu.

Zéphirin alikuja bila sare, suti yake ya kahawia, na mkewe Régine. Hakuwa amemweleza kitu. Kazi yake haikuwahi kuingia nyumbani. Walimwona simba jike, amelala na jicho lake moja wazi. Walimwona korongo. Régine alicheka mpaka akashika ubavu kwa sababu ya nguchiro. Halafu wakafika kwenye uwanja mpya.

Nyasi zilikuwa zimeota, kijani kibichi, mpaka kwenye bwawa. Hapakuwa na mnyama. Kwenye uzio kulikuwa na ubao mkubwa, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili: hapa waliishi pofu watatu na punda milia wanne. Chini yake, kwa rangi, lilichorwa jani refu lenye mstari mweupe, na maandishi: Jani hili linaua. Liko katika nyua za mji wetu. Watu walikuwa wamejaa pale kuliko kwa simba. Kasonde, kaki mpya, kitabu chake cha kazi mfukoni, alikuwa anaeleza namna ya kulitambua, na Mzungu mmoja alikuwa anaandika.

Régine alisoma ubao mara mbili.

"Lakini majani haitembeake," alisema kwa sauti, kama alivyozoea. "Nani alibapa?"

Kabla Zéphirin hajamjibu, watu walisogea, na Madame Victorine akapita kati yao, ndoo ya pumba mkononi, tope mpaka magotini. Alikuwa amesikia. Aliitua ndoo. Kofia za maua ziligeuka, na vitambaa vya kichwa pia.

"Ni miye, mama," alisema. "Sikujua, na mwenye alijua sikumusikia."

Régine alimtazama mwanamke yule, makovu yake, viatu vyake, nyuma yake nyasi nzuri zisizo na mnyama wa kuzila. Kisha akamvuta mumewe kwa mkono wa koti, wakasogea pamoja, wakampa Madame nafasi kwenye uzio.